Maswali ya Jikoni: Pierogi za Kipolandi

Katika toleo lililopita tuligusia vyakula vya unga wa ngano vya Ulaya ya Mashariki, na tangu hapo barua nyingi zimeuliza juu ya pierogi, vile vipande vyenye umbo la nusu mwezi ambavyo Wapolandi huvijaza viazi, jibini, kabichi, nyama au matunda na kuvichemsha majini. Nimechagua barua ambazo maswali yake yanajirudia zaidi katika zile nyingine.

Swali: Shangazi, shikamoo. Nimefuata maelekezo ya video kadhaa, lakini kila nikizitia pierogi kwenye maji yanayochemka nyingi hupasuka na viazi hutawanyika sufuriani, na zile zinazosalimika huwa ngumu kutafuna. Je, kosa liko kwenye unga, kwenye viazi au kwenye moto?
*Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ugumu na kupasuka vina vyanzo tofauti, kwa hiyo nitavijibu kimoja kimoja.

Ugumu hutokana na maji ya baridi na haraka. Unga wa ngano ukikandwa kwa maji baridi hujenga nyuzi imara za gluteni, nazo huvutika na kurudi kama mpira, ndiyo maana donge hukataa kusukumwa hadi likawa jembamba. Maji ya moto huulainisha wanga na kuzizuia nyuzi hizo zisikaze mno. Anayekanda chapati kwa maji ya moto ili zibaki laini hadi kesho yake analijua jambo hili kwa mikono yake. Kwa nusu kilo ya unga mweupe wa ngano, chukua kati ya mililita 250 na 300 za maji yaliyotoka kuchemka na kupoa kwa dakika chache, kijiko kidogo kimoja cha chumvi, na vijiko vikubwa viwili vya mafuta au siagi iliyoyeyushwa. Yatie maji kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko, na pindi joto litakapovumilika ukande kwa mkono hadi donge liwe nyororo, kisha ulifunike kwa bakuli kwa nusu saa. Usiiruke nusu saa hiyo, kwani ndiyo inayokuwezesha kulisukuma donge hadi unene wa milimita mbili bila kugombana nalo. Wako wanaoongeza yai, na si dhambi, lakini mimi nasimama na wale wasioliweka, kwa kuwa yai huukaza unga.

Kupasuka nako mara nyingi huanza kwenye viazi, wala si kwenye moto. Viazi vilivyochemshwa vikaachwa na maji yake, au vikapondwa kwa maziwa kama vya kuliwa na mchuzi, hutoa mvuke mwingi ndani ya pierogi, na mvuke huo hutafuta njia. Vichague vile vinavyovurugika kwa urahisi vikiiva, uvimwage maji yote, uvirudishe juu ya moto mdogo kwa dakika moja hivi ili vikauke, ndipo uviponde na kuviacha vipoe kabisa. Mchanganyiko wa kujazia uwe mkavu kiasi cha kuweza kufinyangwa kuwa tonge lisilonata mkononi. Ukiwa wa moto, utalainisha unga kabla hujamaliza hata sinia moja.

Kata miduara kwa mdomo wa glasi yenye upana wa sentimita saba au nane, weka tonge dogo katikati, kunja, na unapobana anza katikati ya ukingo ukielekea kwenye pembe ili hewa itoke. Ukingo usiwe na unga mkavu wala alama ya mafuta, kwani mahali hapo hapatashikana kamwe hata ukibana kwa uma. Ukiona umekauka, upake maji kidogo kwa kidole. Donge ambalo hulifanyii kazi libaki limefunikwa muda wote, na pierogi zilizokwisha kubanwa zilazwe juu ya kitambaa kilichonyunyizwa unga, zisigusane.

Sasa moto. Tumia sufuria pana yenye maji mengi ya chumvi. Yakishachemka zitie chache kwa wakati, na mara moja upitishe mwiko wa mti chini taratibu ili zisigande kwenye kitako. Zikielea, punguza moto ili maji yachemke kwa upole na uhesabu dakika mbili au tatu, kisha uziopoe kwa kijiko chenye matundu. Wapishi wengi hukosea hapa kwa kuyaacha maji yafoke kwa nguvu hadi mwisho, na maji yanayofoka huzigonganisha pierogi mpaka zile zilizobanwa vyema nazo zifunguke.

Swali: Ninaishi Tengeru, na mara kwa mara tunapata wageni kutoka Polandi wanaokuja kuzuru makaburi ya ndugu zao. Ningependa kuwakaribisha kwa chakula cha kwao. Ni pierogi zipi zinazowafaa, na ile jibini yao nitaipata wapi?
*Mama wa Tengeru, Arusha*

Jibu: Mama, kwako jibu si gumu. Wapolandi wapatao 5,000 walioishi Tengeru kuanzia mwaka 1942, baada ya safari ndefu kupitia Siberia na Iran, wengi wao walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka mikoa ya mashariki ya Polandi ya wakati ule, ambayo leo iko zaidi ndani ya Ukraine na Belarus. Pierogi za viazi na jibini, zinazoitwa *ruskie*, zina asili ya upande huohuo, katika nchi zinazouzunguka mji wa Lviv. Jina hilo limetokana na Rutenia, nchi ya zamani ya maeneo hayo, wala halihusiani na Urusi. Ni vyema ulijue hilo kabla hujakaa mezani na wageni wako.

Jibini yenyewe huitwa *twaróg*, nayo si lazima uinunue, kwa maana asili yake ni maziwa ya mgando. Chemsha lita mbili za maziwa mabichi ya ng'ombe, yaache hadi yawe vuguvugu, changanya vijiko vichache vya mtindi halisi usio na sukari, na uyafunike hadi siku ya pili yagande. Kisha weka sufuria juu ya moto mdogo sana, bila kuvurugavuruga, hadi uone mabonge yamejitenga na maji ya kijani-manjano. Maji yasichemke, kwa sababu mabonge hugeuka magumu na ya kukwaruza ulimi. Mimina kwenye kitambaa safi, funga, ning'iniza usiku kucha, na asubuhi utakuwa na kati ya gramu 300 na 400. Maziwa ya pakiti yanayokaa miezi bila jokofu hayakufai hapa, kwa kuwa mabonge yake huwa dhaifu.

Kwa nusu kilo ya viazi weka robo kilo ya jibini hiyo, vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo na kukaangwa taratibu hadi vikawa vya rangi ya dhahabu, chumvi, na pilipili manga kwa ukarimu. Onja kabla ya kujaza, kwani unga hufifisha ladha, na mchanganyiko unaokutosheleza kijikoni utakuwa umepooza mdomoni. Jibini ya kuvutika inayowekwa kwenye pizza iache, maana huyeyuka na kuvuja.

Wageni wako wakiwapo mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba, mambo hubadilika. Katika chakula cha usiku huo, kiitwacho *Wigilia*, familia za Kikatoliki za Kipolandi kwa desturi hawali nyama, na pierogi hujazwa kabichi iliyochachushwa na uyoga mkavu wa msituni. Kabichi hiyo waweza kuichachusha mwenyewe kwa chumvi, ukianza wiki mbili au tatu kabla.

Swali: Je, naweza kutumia manda za sambusa badala ya kuhangaika na unga? Tena nimesoma kwamba pierogi hunyunyiziwa mafuta ya nguruwe, nasi ni Waislamu.
*Msomaji wa Kisauni, Mombasa*

Jibu: Manda hazifai. Zimekwisha kupitishwa kikaangoni na zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya moto. Ndani ya maji zitafumuka gundi yake na kulegea.

Kuhusu nguruwe, ni kweli kwamba vipande vidogo vya mafuta yake yaliyokaangwa huwekwa juu na wengi, lakini si sharti. Siagi na vitunguu vilivyokaangwa ni vya Kipolandi vilevile, na ziko pierogi nyingi zisizo na nyama kabisa. Upande wa Lublin hujaza jibini pamoja na nafaka ya bakwiti iliyopikwa, wengine wakitia majani ya nanaa, na wakati wa kiangazi hujaza stroberi au matunda madogo meusi ya msituni, zikaliwa kwa krimu na sukari. Ukitaka za nyama, chemsha nyama ya ng'ombe kwanza, isage ikiwa imekwisha kuiva, na uichanganye na vitunguu vilivyokaangwa. Kima mbichi usiitie, kwa sababu dakika tatu za majini hazitoshi kuiivisha.

Swali: Ninataka kutengeneza nyingi mwisho wa wiki na kuzihifadhi. Zigandishwe mbichi au zikiwa zimeiva?
*Msomaji wa South B, Nairobi*

Jibu: Njia zote mbili hutumika, ingawa mimi napendelea zilizochemshwa kidogo, kwa sababu unga mbichi hupasuka kwa urahisi ukiganda. Zichemshe hadi zielee tu, uziopoe, uzipake mafuta kidogo pande zote na uziache zipoe. Zipange kwenye sinia bila kugusana, uziweke kwenye friza hadi zigande kabisa, ndipo uzitie kwenye mfuko. Ukizirundika mfukoni zingali laini, utatoa bonge moja lisilotenganishwa.

Siku ya kula usiziyeyushe kwanza. Zitie kwenye maji yanayochemka zikiwa zimeganda vivyo hivyo, nazo zikielea tena subiri dakika mbili. Zinazobaki mezani usizirudishe majini. Zikaange kesho yake kwa siagi na moto wa wastani hadi pande zote mbili ziwe za kahawia, uzile kwa mtindi mzito. Nyumbani kwangu wako wanaozipika nyingi makusudi ili zibaki.