ADA 62, GeneXpert hasi: ni TB au siyo?

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama ADA ya 62 kwenye maji ya kifuani ya mzee inatosha kusema ni TB, ilhali GeneXpert, kipimo kinachosaka vinasaba vya bakteria wa TB, imetoka hasi. Peke yake haitoshi, ila inaelekeza huko. ADA ni kimeng'enya kinachopanda seli za kinga zinapochachamaa. Kipimo chake hakimtafuti mdudu wa TB mwenyewe. Ikizidi 40 na limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) ndizo nyingi, madaktari wengi kwenye nchi zenye TB nyingi huanzisha dawa. Hiyo hasi isikutulize: maji ya kifua huwa na bakteria wachache mno, GeneXpert huwakosa mara nyingi.

Sasa tazama karatasi ya majibu, mstari wa seli. Kama neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, ndizo zimetawala, au maji yalitoka mazito ya usaha, mimi ningeshuku kwanza nimonia iliyotunga usaha. Limfoma (saratani ya tezi za limfu) na baridi yabisi nazo hupandisha ADA. Tena ADA haisemi kama rifampisini, dawa kuu ya TB, itafanya kazi, kwa hiyo ombeni makohozi yapimwe kwa GeneXpert pia, hata kama mzee hakohoi sana.