Mshahara, Hesabu ya Bodaboda na Deni la Kausha Damu: Familia Ianzie Wapi?

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mume wangu huendesha bodaboda ya mkataba, ambayo itakuwa yake mkataba ukiisha, na ambayo kila siku humtaka apeleke kwa mwenye pikipiki hesabu ya shilingi 12,000. Mshahara wangu huisha kabla ya katikati ya mwezi. Kodi ya nyumba ya miezi sita, shilingi 480,000, ilipofika tukiwa hatuna kitu, tulikopa shilingi 300,000 mtaani, mkopo huu wanaouita kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Sasa ni miezi minne tunalipa riba peke yake na deni liko palepale. Mume wangu anataka tukope tena tununue pikipiki ya pili. Mimi nataka nijiunge na kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Tuanze na lipi?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Katika mambo hayo mawili mnayobishania, hakuna hata moja la kuanza nalo. Riba yenu ni shilingi 60,000 kila mwezi, kwa hiyo mmekwisha kutoa shilingi 240,000, na mkilipa hivyo mwezi mmoja zaidi mtakuwa mmetoa kiasi kilekile mlichokopa huku mkiwa bado mnadaiwa chote. Hakuna pikipiki wala kikoba kitakachowaletea faida ya kushinda hasara hiyo.

Kaeni na aliyewakopesha mbele ya shahidi, mwombeni akubali kwamba kila mnachopeleka zaidi ya riba kipunguze deni lenyewe na riba ya mwezi unaofuata ihesabiwe kwa kilichobaki, kisha makubaliano hayo yaandikwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na msimamizi wake ni Benki Kuu ya Tanzania. Mna haki ya kuuliza leseni hiyo na kudai nakala ya mkataba. Kama ameshikilia kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, jambo ambalo limewapata walimu wengi, hakikisha kwanza kadi inarudi mikononi mwako, kwa sababu familia haiwezi kupanga mshahara ambao mtu mwingine ndiye anayeutoa.

Chanzo cha deni hili, hata hivyo, ni kodi ambayo tarehe yake mliijua tangu siku mlipohamia. Kodi hiyo ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Ukitenga shilingi 50,000 siku ileile mshahara unapoingia, na mzee wako akatenga shilingi 1,200 kwa kila siku ya kazi, basi kwa siku 25 atakuwa na shilingi 30,000, na kodi imepatikana bila kumkopa mtu. Najua kwamba kwa sasa riba inawabana na huenda mkaanza na nusu ya kiasi hicho. Anzeni na hiyo nusu. Fedha hiyo isikae kwenye simu mnayonunulia vocha na umeme, bali katika akaunti ya pekee ambayo kuitoa kunahitaji safari na makubaliano ya wote wawili.

Ninaloliona zito zaidi katika barua yako ni kwamba unaujua mshahara wako na unaijua hesabu ya mwenye pikipiki, lakini hukusema mzee hubakiwa na kiasi gani baada ya hesabu na mafuta. Sidhani kwamba anaficha. Kipato cha kila siku hupita mkononi kikaisha kabla hakijahesabiwa, na anayekipata huenda naye hakijui. Chagueni jioni moja ya wiki, mfungue daftari na kila mmoja aandike kilichoingia na kilichotoka, pasipo kulaumiana kwa yaliyopita, maana siku daftari litakapogeuka kuwa baraza la mashtaka ndiyo siku litakapofungwa. Humo andikeni pia michango ya harusi na misiba, ambayo familia nyingi huitoa kwa kuona haya. Pangeni mwanzoni mwa mwaka kiasi mnachokimudu, na ndugu anapokuja na kadi ya mchango aambiwe mapema na kwa heshima. Anayewapenda atapokea shilingi 20,000 ya kweli kuliko ahadi ya 100,000 inayokopewa.

Kikoba ni kizuri deni likishaisha, hasa kilichosajiliwa kupitia halmashauri. Vikundi vingi huruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa mkopo unaopatikana kwa urahisi hutumika kwa sherehe. Kumbuka vilevile kwamba hisa hugawanywa mwisho wa mzunguko, hivyo fedha ya dharura isiwekwe huko. Baadaye, mkiwa na akiba ya matumizi ya miezi mitatu, mnaweza kununua vipande, yaani sehemu ndogo za umiliki, katika mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, taasisi ya serikali. Pikipiki ya pili ingojee mkataba wa hii ya kwanza uishe. Hapo hesabu ya 12,000 itabaki nyumbani, nayo ndiyo itakayoinunua ya pili.

SWALI: Mwanangu wa miaka 10 humaliza fedha ya shule kabla ya saa nne asubuhi, kisha huomba nyingine. Nimnyime?
Baba wa Tanga

JIBU: Usimnyime, ndugu. Kama humpa shilingi 500 kwa siku, mkabidhi shilingi 2,500 siku ya Jumatatu na umweleze kwamba ni ya siku tano. Wiki ya kwanza huenda fedha hiyo ikaisha Jumatano. Hakikisha anakunywa uji nyumbani kabla ya kutoka, lakini usimwongezee fedha, wala usimgombeze. Muulize tu Jumatatu inayofuata amepanga kuitumia vipi, na umsikilize mpaka amalize.