Samaki wa Magadi: amezoea, amejirekebisha ama amegeuka?

Swali la leo limetoka kwa mama mmoja wa Umoja. Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Kijana wangu wa Gredi ya 8 aliambiwa aandike insha fupi ya sayansi kwa Kiswahili, akaandika 'samaki wa Magadi wamezoea maji ya chumvi'. Mwalimu wake akakata na kalamu nyekundu akaandika juu 'wamejirekebisha ili waishi humo'. Baba yake naye anasema neno lenyewe ni mageuzi. Sasa mimi niko hapa katikati, nani ako sawa?"

Marahaba dadangu. Hapo hakuna aliyepata yote, lakini baba ndiye alikaribia, amekosea silabi moja tu, nitafika huko.

Kwanza tumwangalie samaki mwenyewe maana bila yeye tutabishania hewa. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Kiserian ukateremka mpaka chini kabisa bondeni unafika Ziwa Magadi, na magadi yenyewe ni yale yale ya jikoni, yale ya kulainisha mboga ngumu. Sasa kando ya ziwa kuna chemchemi za maji moto, na kwenye vidimbwi vyake, vingine vikipita nyuzi 40 za joto, pH (kile kipimo cha uasidi na umagadi wa maji) kama 10, kuna katilapia kadogo tu kanaishi humo raha mustarehe. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwilini ukiwa amonia, inapitia kwenye matamvua, pale samaki anapumulia, inaingia majini, basi, imeisha. Lakini kwa maji makali kama ya Magadi hiyo njia imezibwa, amonia haitoki vizuri, na ikibaki mwilini ni sumu. Huyu wa Magadi anaigeuza kuwa yurea, kitu kile kile kiko kwa mkojo wetu, na hiyo yurea ndiyo anaitoa. Anafanya hivyo siku zote za maisha yake, hajafundishwa na mtu.

Sasa turudi kwa maneno. "Kuzoea" ni jambo la mtu mmoja, ama samaki mmoja, ndani ya uhai wake. Wewe ulihamia Nairobi ukashindwa na baridi ya Julai, mwaka wa pili ukazoea. Ukinunua wale samaki wa mapambo wanauzwa kwa karatasi ya plastiki, muuzaji anakwambia usimwage ndani ya tangi mara moja, elesha ile karatasi juu ya maji kama robo saa hivi kwanza. Hapo unafanya nini? Unawazoesha. Kuna hali ya zamani, kuna hali mpya, na kuna yule yule aliyetoka hii akaingia ile. Tilapia wa Magadi hakutoka popote, amezaliwa hapo na mamake alizaliwa hapo. Kusema amezoea magadi ni kama kusema mimi nimezoea kuwa na vidole vitano. Kwa hivyo kijana pole, hapo kalamu nyekundu ilikuwa na haki ya kugusa.

Shida ni kile iliandika. "Kujirekebisha" kwa masikio ya Kiswahili kuna kosa ndani yake, ndilo neno mzazi anamwambia mtoto mtundu, "jirekebishe kabla babako hajarudi". Samaki amekosea nani? Halafu kuna watu watasema tatizo ni hiyo "ji-", eti inamaanisha samaki alikaa chini akaamua. Mimi sikubali kabisa, maana tunasema mlango umejifunga na hakuna mtu anadhani mlango una akili. Mwenye makosa hapo ni "ili". Ukisema "ili" umeleta nia, mtu ana lengo na anafanya kitu kulifikia. Wamejirekebisha ili waishi, yaani walikutana wakapanga. Haikuwa hivyo, ilikuwa ni kwamba kwa vizazi na vizazi wale waliozaliwa wakiweza kidogo zaidi ndio walibaki wakazaa, wengine wakafa. Kama bado unapenda "ili", nenda Somalia kuna samaki wa mapangoni hana macho kabisa, akiwa kwenye yai macho yanaanza kutokea halafu yanapotea. Huyo naye alijirekebisha ili awe kipofu? Kiswahili cha wazee kina neno zuri sana la mahali hapo, "hata": wakageuka kidogo kidogo hata wakaweza kuishi humo. Hakuna nia, kuna mwisho tu wa safari ndefu.

Haya, baba na mageuzi yake. Kiswahili kina vitenzi vinaenda viwili viwili, geuza na geuka, vunja na vunjika, pindua na pinduka. Wa kwanza ana mtendaji, kuna mkono nyuma yake. Wa pili jambo linatokea lenyewe, ama mtendaji hatajwi. Kutoka kwa geuza tunapata mageuzi, na ndio maana siasa zetu zimejaa hilo neno, 1991 watu walidai mageuzi vyama vingi vikarudi, kuna waliodai na kuna waliofanya. Kutoka kwa geuka tunapata mageuko. Samaki hakugeuzwa na mtu, aligeuka. Kwa hivyo ni mageuko ya viumbe, na baba akitoa hiyo "zi" akaweka "ko" nampa alama zote.

Lakini msikimbie na mageuko kila mahali. Kuna kamongo wa kule Ziwa Victoria, yule mrefu kama nyoka ako na mapafu. Akiwa majini anatoa amonia kama samaki wengine, kinamasi kikikauka anaweza kujizika kwenye matope, analala humo miezi, na huko ndani amonia anaipunguza anatengeneza yurea badala yake, mvua ikirudi naye anarudi alivyokuwa. Yurea ni ile ile ya Magadi lakini kitenzi si kile kile! Kamongo mmoja, ndani ya maisha yake, hubadilika na kurudi. Hapo "mageuko" ni makosa, sema hubadilika.

Na "kubadilika" ndilo neno la kujiokoa pia ukiwa hujui ni lipi. Kwa mfano fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Mbuta, yaani sangara, waliletwa ziwani miaka ya 1950, baadaye wakawamaliza fulu wengi ajabu, na maji nayo yakapungua oksijeni. Baadhi ya fulu waliobaki wamekutwa na matamvua makubwa kuliko ya babu zao. Ni uzao umegeuka, ama ni kila samaki mwili wake unakua hivyo kwa sababu ya maji aliyokulia? Wataalamu wenyewe bado wanavutana hapo, basi sisi tuandike "wamebadilika" tutembee zetu.

Kitu kingine kidogo cha sarufi lakini kitamsaidia kijana. Samaki mmoja, samaki kumi, neno ni lile lile, kwa hivyo "samaki wa Magadi wamegeuka" mtu anaweza kusikia wale walio dimbwini leo. Weka "aina hii ya samaki imegeuka", kitenzi kifuate aina, mambo yanakuwa wazi bila maelezo mengi. Insha yake ningeiandika hivi: "Kizazi baada ya kizazi, aina hii ya samaki iligeuka hata ikaweza kuishi katika maji ya magadi." Akipenda aongeze na ile ya yurea, mwalimu atafurahi.

Na nikiwa hapo hapo kwa samaki, kuna mwingine aliniuliza juzi kama ni matamvua ama mashavu. Kwa insha andika matamvua. Ukienda Gikomba mwambie mama samaki akufunulie mashavu uone kama bado ni mekundu, maana ukisema matamvua atakuangalia tu akuongezee bei.