Kwa walimu wapya wa darasa la Jumamosi: historia ya watu weusi kwa chemshabongo

Karibuni sana. Watoto mtakaowafundisha ni wa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani. Wazazi wa baadhi yao walitoka Kivu, Kongo, wakapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wengine ni wa Tanzania, Kenya na Burundi. Siku za wiki watoto hawa wanasoma shule za serikali, na huko wanahesabiwa kuwa weusi hata kabla hawajafungua mdomo. Wapo wazazi watakaowaambia, "Mwalimu, hiyo historia si yetu, tufundishie watoto Kiswahili." Wasikilizeni kwa heshima, kisha waambieni kwamba mtoto wao anakaa dawati moja na wenzake wa kila rangi kwa sababu kuna watoto wengine waliozomewa na kutemewa mate mlangoni mwa shule. Tunafundisha yote mawili kwa pamoja, na Kiswahili chenyewe kinanoga zaidi mtoto akiwa na jambo la kusimulia.

Sasa kazi yenyewe. Watoto wanapenda sana ile karatasi ya kutafuta majina kwenye miraba ya herufi, na mtandaoni imejaa tele, hasa ikikaribia Februari, mwezi wa historia ya watu weusi hapa Marekani. Shida yake ni kwamba mtoto anaweza kulizungushia duara jina TUBMAN kwa sekunde kumi bila kujua Tubman alikuwa nani. Macho yamefanya kazi, akili imepumzika. Kwa hiyo tunazitengeneza wenyewe, na herufi zinazobaki baada ya majina yote kupatikana tunazipanga zisomeke sentensi. Kwenye karatasi ya Harriet Tubman, mtoto akishazungushia TUBMAN, MARYLAND, USIKU, MTO na NYOTA, herufi zilizobaki zinasema: ALIRUDI KUWACHUKUA WENGINE. Hapo ndipo somo linapoanza. Alirudi wapi? Si alikuwa ameshatoroka utumwani Maryland mwaka 1849, akafika Philadelphia salama? Waacheni wabishane. Mtoto wa miaka saba anaelewa vizuri kabisa hofu ya kurudi mahali ulipoponea chupuchupu.

Kwa wakubwa, kuanzia miaka tisa hivi, tumieni fumbo la mlalo na wima. Nguvu ya fumbo iko kwenye dokezo, na dokezo zuri linataja alichokifanya mtu, wala halitaji sifa zake. "Mwanamke shujaa wa haki za watu weusi" linaweza kuwa mtu yeyote. "Mshonaji, katibu wa tawi la mji la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi" ni mtu mmoja tu, na mtoto akishalisoma amejua kwamba Rosa Parks hakuwa kikongwe aliyechoka miguu siku ile. Alikuwa na miaka 42 na alikuwa mwanaharakati wa siku nyingi.

Fumbo la basi tunalijenga hivi. Lazeni neno MONTGOMERY, mji wa Alabama alikokamatwa Parks, herufi kumi. Kwenye herufi ya pili, O, pitisheni COLVIN wima. Kwenye herufi ya saba, M, shusheni MGOMO. Kwenye ya tisa, R, pitisheni PARKS. Claudette Colvin alikuwa msichana wa miaka 15 aliyekamatwa kwenye basi la mji huohuo tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Parks, na baadaye akawa mmoja wa wanawake wanne waliofungua kesi iliyovunja sheria ya ubaguzi kwenye mabasi yale. Dokezo la MGOMO ni "Siku 381 watu weusi walitembea kwa miguu na kupeana lifti, wasipande basi." Mtoto akimaliza anaona kwa macho yake kwamba wanawake wawili wamepita katika mji mmoja. Msiharakishe hapo. Waulizeni kwa nini wanamjua mmoja tu. Watoto wa umri wa Claudette, mkiwa nao darasani, wana mengi ya kusema juu ya nani huchaguliwa kuwa sura ya jambo na nani huachwa nyuma.

Mambo ya kuhakiki nayasisitiza kwa sababu karatasi za kupakua zina makosa mengi, na mtoto akishakariri kosa ndani ya fumbo, kulitoa ni kazi. Utakuta imeandikwa Tubman alifanya safari 19 na kuokoa watu 300. Hesabu hiyo ilikuzwa na kitabu cha zamani kuhusu maisha yake. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu wanasema safari zilikuwa takriban 13, watu takriban 70, na mbali na hao kuna zaidi ya 700 waliokombolewa kwenye uvamizi wa mto Combahee mwezi Juni 1863, ambao yeye aliuongoza pamoja na wanajeshi wa Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Utakuta pia kwamba Garrett Morgan aligundua taa za barabarani. Mji wake wa Cleveland ulikuwa na taa za umeme tangu 1914. Alichokipatia hataza mwaka 1923 ni chombo cha kuongoza magari chenye hatua ya tatu, ya kusimamisha pande zote kabla ya kubadilisha. George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo, naye hakubuni siagi ya karanga. Watu hawa ni wakubwa kwa waliyoyafanya kweli, na hawahitaji kuongezewa chumvi.

Kamba ya miaka ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji printa. Chukueni kamba ya kuanikia, vibanio vya nguo na vipande vya karatasi ngumu. Kila shibiri ya mtoto ni miaka kumi. Kibanio cha kwanza ni 1619, Waafrika waliokamatwa walipofikishwa Virginia kwa meli. Mtoto apime mwenyewe mpaka 1865, utumwa ulipokomeshwa: shibiri karibu 25. Kisha apime kutoka 1865 mpaka leo: shibiri 16. Hamna haja ya kuhutubia, waacheni wairudie kupima, maana wengi hawaamini mara ya kwanza. Halafu waoneni wanavyobana vibanio viwili karibukaribu, Januari 1863 na Juni 1865. Tangazo la Lincoln la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilitolewa kwanza, lakini watu wa Galveston, Texas, walitangaziwa na jeshi tarehe 19 Juni 1865, miaka miwili na nusu baadaye. Siku hiyo ndiyo Juneteenth, sikukuu ya taifa tangu 2021. Mwisho, baneni 1954, mwaka aliozaliwa Ruby Bridges, yule mtoto aliyesindikizwa shuleni na mapolisi, na kila mtoto abane mwaka aliozaliwa bibi yake. Mara nyingi vibanio vinagongana.

Kwa wadogo wasiojua kusoma vizuri tunatumia vitendawili vya kwetu. Mwalimu anasema "Kitendawili!", wao "Tega!" "Nilikuwa na miaka sita, mapolisi wa serikali kuu wakanisindikiza shuleni, nikasoma mwaka mzima darasani peke yangu na mwalimu mmoja." Wakishindwa, mwalimu anadai mji kama kawaida, ila mji lazima uwe wa kwenye ramani yetu ya ukutani: Selma, Greensboro, Birmingham, Galveston. Na kabla hamjawapa jibu, mtoa mji aseme kilichotokea huko. Akisema Greensboro, ataje wanafunzi wanne waliokaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu tarehe 1 Februari 1960, wakakataa kuondoka. Mkishampokea mji wake, ndipo mseme: Ruby Bridges, New Orleans, 1960. Watoto wanajitahidi kujifunza miji ili tu wasiaibike kukosa wa kutoa.

Kuna mchezo mmoja sitaki kuuona darasani kwetu, nao ni kuigiza utumwa. Hakuna mnada wa kujifanya, hakuna kufungwa kamba, hakuna bahati nasibu ya "umekamatwa, rudi mwanzo". Baadhi ya watoto hawa familia zao zimekimbia watu wenye bunduki usiku, na hata asiyepitia hayo hapaswi kuyapata mateso ya wenzake kama burudani. Mambo mazito yasemwe kwa sauti ya kawaida, kwa sentensi fupi za kweli: watu waliiba watu, wakawauza, wakawafanyisha kazi bila malipo, sheria ikawalinda wauzaji. Mtoto akiuliza zaidi, mjibuni. Akinyamaza, mpeni kalamu za rangi na karatasi, msimdai neno.

Kuhusu kalenda, Februari inatokana na Carter G. Woodson, ambaye wazazi wake walikuwa watumwa. Alianzisha wiki ya historia hii mwaka 1926, akaiweka kwenye siku za kuzaliwa za Lincoln na Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwa akaupinga, na mwaka 1976 ikatambuliwa kuwa mwezi mzima. Sisi tunafundisha mwaka wote. Desemba tunafanya fumbo la Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, lililo jepesi kwao, kwa sababu nguzo zake saba ni maneno ya Kiswahili, na wanafurahi kuwasahihishia matamshi wenzao wa shuleni.

Kila fumbo linalokwenda nyumbani liwe na dokezo moja ambalo mtoto hawezi kulijibu bila kumuuliza mzazi. Kwa familia za Kenya, mfano: "Mwaka 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kuja kusoma Marekani. Mwanasiasa gani aliwatafutia nafasi, akisaidiwa na akina Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji?" Jibu ni MBOYA, herufi tano, lakini baba akishalisikia swali hilo halijibu kwa neno moja. Acheni mistari mitano chini yake, mtoto aandike alichosimuliwa, na Jumamosi inayofuata anzeni kipindi kwa kusoma mistari hiyo kabla ya kufungua karatasi mpya.