Aiskrimu ya chumvi ya mawe

Ndugu Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni jaribio gani la sayansi mzazi anaweza kulifanya na mtoto nyumbani, bila maabara? Kwa sisi wa Lindi nasema ni aiskrimu, maana kitu kinachoigandisha tunakivuna wenyewe pwani, nacho hakiingii hata kwenye kopo: chumvi ya mawe.

Chemsha maziwa, yaache yapoe, changanya na sukari na tui zito la nazi. (Korosho zilizopondwa pia, ila hizo ni uroho, si sayansi.) Gawa sawasawa kwenye makopo mawili madogo ya bati yenye vifuniko vinavyobana. Kila kopo liingie kwenye ndoo yake na lizungushiwe barafu iliyopondwa, kama kilo moja. Ndoo moja itie robo kilo ya chumvi, nyingine usitie kitu. Hii ndoo ya pili watu huiruka, na bila hiyo mmepika tu, hamjajaribu chochote.

Kabla ya kuanza kutikisa, kila mtoto aseme ipi itaganda na kwa nini. Wapo watakaoitetea ndoo isiyo na chumvi, kwa kuwa wanaona wazi chumvi inavyoimaliza barafu. Waache wabishane.

Barafu tupu inayoyeyuka hubaki kwenye nyuzijoto 0, na maziwa yenye sukari hayagandi hapo. Yanataka baridi zaidi kidogo. Chumvi huilazimisha barafu iendelee kuyeyuka hata chini ya sifuri. Kuyeyuka kunahitaji joto, na joto hilo linanyonywa kutoka kwenye maji ya chumvi yenyewe na kutoka kwenye maziwa. Vipimo vikikaa barabara, barafu na chumvi zinaweza kushuka hadi nyuzijoto 21 chini ya sifuri. Ndoo ya nyumbani haifiki huko, wala hakuna haja. Tikiseni na kugeuza kama robo saa: kopo la kwanza litakuwa na aiskrimu laini, la pili maziwa baridi. Shikeni ndoo kwa taulo, na mtoto asitumbukize mkono, baridi hiyo huunguza ngozi.

Kutikisa nako kuna kazi yake. Kunabandua kilichoganda ukutani mwa kopo, chembe za barafu zikabaki ndogo. Mchanganyiko uleule ukiachwa umetulia kwenye friza hutoka mgumu, wa kutafuna.

Anayedhani haya ni mambo ya jikoni tu amkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ungali moto, ukaganda kabla ya ule uliopoa. Alichekwa, hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, wakachapisha makala. Wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo.

Maji ya chumvi yaliyobaki msiyamwage kwenye mchicha, utakufa. Yatandazeni kwenye sinia juani, kama wafanyavyo wenye mashamba ya chumvi huku pwani. Maji yakikauka chumvi inabaki, na inafaa kwa ndoo ya Jumamosi ijayo.