Maswali na majibu: 0.7 ya fazi si uwezekano

*Katika seti ya fazi, yaani kundi ambalo kitu huwamo kwa kiwango fulani kati ya 0 na 1, kiwango cha uanachama cha 0.7 si uwezekano uleule uliobadilishwa jina?*

Hili tena! Hapana. Uwezekano hupima tusichokijua: sarafu imeshaanguka, jibu lipo, ila hatujaliona. Katika seti ya fazi huenda hakuna kilichofichika. Mtu amepimwa, ana sentimita 178, na bado unampa 0.7 katika seti ya "warefu". Kumpima upya hakutaisogeza namba hiyo.

Hesabu zake pia ni nyingine. Kwa Lotfi Zadeh, aliyeanzisha seti za fazi mwaka 1965, makutano ya seti mbili (kuwamo katika zote mbili kwa pamoja) huchukua kiwango kidogo kati ya viwili: 0.5 na 0.5 hutoa 0.5, basi. Sasa rusha sarafu mara moja. "Kichwa" ni 0.5 na "mkia" ni 0.5, lakini vyote viwili kwa pamoja ni 0. "Kichwa" na "si mkia" navyo ni 0.5 kila kimoja, ila kwa pamoja ni 0.5. Namba zilezile, majibu mawili. Anayezidisha viwango vya uanachama huku akiviita uwezekano ajue amedhania matukio hayategemeani, na pengine hakukusudia.

*Kwa hiyo mantiki ya fazi, ambamo kauli huwa kweli kwa kiwango, ni mantiki ya kukisia?*

La. Kinachozungumziwa ndicho chenye mipaka hafifu. Fasili zake ni kali kama za aljebra.

*Ni kweli inaivunja kanuni ya "A au si A"?*

"Au" ipi? Ukichagua kiwango kikubwa kati ya viwili, A yenye 0.5, na si A nayo 0.5, zinakupa 0.5, kanuni imeanguka. Ukitumia "au" ya mwanamantiki Łukasiewicz, inayojumlisha na kukomea 1, unapata 1 daima, kanuni imesimama. Wanaotangaza kwamba mantiki ya Aristotle, yenye kanuni hiyo, imezikwa waulizwe kwanza swali hilo. Wengi hawana jibu.

*Seti ya fazi "ya kawaida" ni ipi?*

Inayofikia 1: angalau kitu kimoja kimo kwa kiwango kamili. Haina undugu na mgawanyo wa kawaida wa takwimu.

*Mwanamantiki Gödel alithibitisha ukamilifu mwaka 1929, kisha kutokamilika mwaka 1931. Alijipinga?*

Hapana. Kwanza alionyesha kuwa kila kinachofuata kimantiki kutoka kwenye aksiomu (kauli za kuanzia, zinazokubaliwa bila uthibitisho) kina uthibitisho. Baadaye akaonyesha kuwa aksiomu zisizojipinga, zinazoweza kuorodheshwa kwa kanuni na zinazotosha kwa hesabu za namba kamili, huacha kauli ambazo haziwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. La kwanza linahusu kanuni za kutoa hoja, la pili orodha ya aksiomu. Wala hilo la pili halisemi kwamba ukweli haujulikani. Barua za namna hiyo sitazijibu.