Divisheni tuu ya mwanao haijakwambia skuli ya kwenda

Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke simu yangu haipumziki, na ujumbe ulionikalisha kitako kuandika haya umetoka kwa mama mmoja wa Wete. Mwanawe wa kiume kapata divisheni tuu, yaani daraja la pili, ya pointi 19. Ukoo umeshakaa na kuamua: kijana aende Unguja, skuli yenye jina, asome PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, awe daktari. Mama ananiuliza jambo moja tu: "Mwalimu, tumuombee Lumumba, ile skuli ya serikali ya Unguja, au tumtafutie ya kulipia?"

Nikamuomba anitumie matokeo somo kwa somo. Kiswahili B, Jiografia B, Historia B, Biolojia C, Kiingereza C, Hisabati C, Kemia D, Fizikia D. Nilipomaliza kusoma nikajua kwamba swali la skuli gani bado halijafikiwa.

Namjibu hapa kwa sababu hayuko peke yake, na kwa sababu mimi mwenyewe nimetoka huko.

Mimi ni wa mwaka wa GPA. Wanafunzi wangu wa leo hata hawajui kwamba kitu hicho kilikuwepo. Tulifanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2014, na matokeo yalipotoka mwaka uliofuata hayakuwa na wani wala tuu. Yalikuja na Distinction, Merit, Credit na Pass. Daraja zenyewe zilikuwa mpya: A ilianzia 75, chini yake ikawekwa B+ ya 60 hadi 74, halafu B ya 50 hadi 59, C ya 40 hadi 49, na kuendelea. A ilikuwa na uzito wa tano, B+ nne, B tatu, na wastani wake ndio ukawa GPA. Ukifika 3.6 wewe ni Distinction. Kuanzia 2.6 hadi 3.5 wewe ni Merit.

Nyumbani kwetu hapakuwa na mtu wa kuyasoma hayo. Baba yangu, mkulima wa karafuu, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii Merit ni wani au ni tuu?" Sikuwa na la kumjibu, maana hata walimu wetu walikuwa wakibishana. Ami yangu hakuuliza kitu. Binti yake, niliyekaa naye dawati moja tangu msingi, alipata Distinction, na neno hilo lilimtosha. Siku ile ile ikanunuliwa halua ya Wete, ikagawiwa nyumba kwa nyumba, na sisi tukaletewa kisahani. Nilikuwa nimekishika mkononi, cheupe, kina maua ya buluu ukingoni, pale ami aliposema mbele ya majirani kwamba Merit ni neno la kuwafariji waliobaki nyuma. Miaka imepita, nimesoma, nasomesha watoto wa watu, na maneno yale bado nayasikia kwa sauti yake.

Baada ya halua ukafuata uamuzi. Sote wawili twende Unguja, skuli moja, tusome sayansi ya Fizikia. Yeye PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, mimi PCB. Hakuna aliyeuliza masomo yetu yako vipi.

Mimi niliuliza. Biolojia, Kemia na Jiografia nilikuwa na B+. Hisabati C. Fizikia D, na D ile niliitolea jasho, kwa sababu skuli yetu ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia. Nikamwambia baba kwamba nataka CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, na nataka nikazione skuli kwa macho yangu kabla sijapelekwa. Baba alikubali. Mpaka leo namuombea dua kwa kukubali kule, kwani binti wa umri wangu kusema "nataka nikaone" lilikuwa jambo la kuitwa jeuri.

Tulipokwenda Unguja kwenye harusi ya jamaa tukapitia skuli moja ambayo sitaitaja. Ina sifa kubwa, na kila mzazi wa Pemba angependa kusema mwanawe yuko pale. Nikaomba tuonyeshwe maabara. Mwalimu aliyetutembeza alihangaika na ufunguo mpaka mlango ukakubali. Masinki yalikuwa makavu, moja limefunga tandabui. Bureti zilikuwa ndani ya makatoni, bado zimefungwa kwa gundi ya karatasi, vumbi limekaa juu kiasi cha kuandikwa jina. Nikauliza wanafunzi wanafanya vitendo lini. Akasema watafanya mtihani ukikaribia. Kisha akaniuliza nataka kusoma nini, nikamwambia CBG, akacheka, akamgeukia baba: "CBG ni ya walioshindwa PCB, mzee." Baba hakujibu. Alinishika bega tukatoka.

Tuliporudi Pemba tukaenda kuiona skuli nyingine, ambayo hakuna aliyekuwa akiipigia debe. Maabara yake ilikuwa chumba kidogo, meza zimeungua na zina madoa ya zambarau ya pamanganeti ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote. Tulipoingia kulikuwa na kipindi. Mwalimu wa Kemia alikuwa ameinama juu ya chupa pamoja na wanafunzi wake, akatunyooshea kiganja tusubiri mpaka rangi ibadilike, ndipo akaja kutusalimia. Pale pale nilijua kwamba nimeshafika.

Sasa nieleze kile ambacho ukoo wetu haukuelezwa mwaka ule.

Binti ami yangu alikuwa na A ya Kiswahili na A ya Dini, na B+ za Historia, Jiografia na Kiingereza. Hizo ndizo zilizompa Distinction. Hisabati, Fizikia na Kemia zote alikuwa na B, na B ya mwaka ule ilianzia alama 50. Chukua alama hiyo hiyo 50 uipeleke kwenye mtihani wa kidato cha sita: ni D, kwa sababu kule A inaanzia 80, B 70, C 60, na D 50. Alama ni moja, herufi zimebadilika, na mtoto kapelekwa PCM kwa kuamini herufi. Alisoma kwa bidii kuliko mimi, nashuhudia. Alilia usiku dakhalia, yaani bwenini, akanipigia simu kwa siri, akaogopa kumwambia baba yake. Alipomaliza hakupata alama za kumpeleka chuo kikuu, akaanza upya ngazi ya diploma kwenye uhasibu. Leo ni mhasibu anayeheshimika, na kaniruhusu niyaandike haya. Anasema laiti mtu mmoja angemwambia B zake zimeanzia wapi.

Na mfumo wenyewe? Januari 2016, sisi tukiwa kidato cha tano, Waziri wa Elimu wa Muungano, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye aliwahi kuliongoza Baraza la Mitihani la Tanzania, alitaka divisheni zirudi, na matokeo ya kidato cha nne ya 2015 yakatoka kwa divisheni. Distinction ikaondoka. Merit ikaondoka. Kemia niliyokuwa naijua haikuondoka. Mwaka 2017 nikamaliza kidato cha sita na divisheni wani ya CBG, nikaingia SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kusomea sayansi na ualimu, na sasa nasomesha Kemia na Biolojia hapa hapa Pemba. Ami alikuja kunipongeza. Nilimpokea kwa adabu zote, kwa kuwa ni ami yangu na ana haki zake kwangu. Lakini pongezi haifuti kila kitu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, nakuomba uisome karatasi ya mwanao upya. Divisheni ya kidato cha nne ni jumla ya masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Kuanzia 7 hadi 17 ni wani, 18 hadi 21 tuu, 22 hadi 25 thrii, 26 hadi 33 foo. Basi. Hiyo ni jumla, na jumla haisemi imetoka wapi. Kijana wa yule mama ana 19. Mwanafunzi mwingine naye anaweza kuwa na 19 kwa Biolojia B, Kemia B, Hisabati B, Fizikia C, Jiografia C, Kiswahili C na Kiingereza D. Tuu moja, pointi zile zile, watoto wawili wenye njia tofauti kabisa. Ukiwapeleka skuli moja na tahasusi moja, yaani mkusanyo mmoja wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita, kwa sababu wote ni "tuu ya 19", mmoja umemdhulumu.

Tazama pia herufi imeanzia wapi. Siku hizi C ya kidato cha nne ni 45 hadi 64. Mwenye 46 na mwenye 63 wote wana C, na mimi darasani nawaona: mmoja anakimbia, mwenzake anaburuzwa. Karatasi haikuonyeshi tofauti hiyo, ila mwalimu wake wa somo anaijua. Nenda kamuulize. Wazazi wengi humjua mwalimu mkuu tu, tena siku ya mkutano.

Halafu ndio uende kwenye skuli. Nenda siku ya kazi, si siku ya sherehe. Uliza kila somo la tahasusi ya mwanao lina mwalimu wa kudumu au wanamsubiri. Omba kufunguliwa maabara. Uliza vitendo hufanywa mara ngapi, na muulize mwanafunzi wa kidato cha sita, usimuulize mwalimu peke yake. Kwa mtoto wa kike tazama dakhalia yenyewe: maji yanatoka, mlango unafungika, nani analala nao. Mtoto asiyelala vizuri hasomi, hata skuli iwe na jina linalosikika mpaka Tanga. Majengo ya ghorofa nayaona yakijengwa Unguja na Pemba na nafurahi, maana tulisoma tukibanana. Lakini ghorofa halisomeshi Fizikia. Anayesomesha ni mwalimu.

Kuhusu tahasusi, mambo yamekuwa mengi. Mwaka 2024 orodha ilipanuliwa ikafika 65, na wazazi wengi wamechanganyikiwa. Msiogope. Muulizeni mkuu wa skuli ni zipi anazo kweli, zenye walimu. Kisha chukueni mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, unaotolewa kila mwaka kwa waombaji wa vyuo vikuu, mtazame tahasusi hiyo inafungua kozi gani. Kazi hiyo inamalizika jioni moja mkikaa pamoja na mtoto. Mnatumia muda mrefu zaidi kuchagua kitambaa cha sare ya harusi.

Na wakubwa wa ukoo, nawaomba kwa heshima: acheni kuwagawa watoto kwa neno moja la kwenye karatasi. Mtoto aliyefaulu kwa njia yake msimfanye ajione kabaki nyuma kwa sababu wa nyumba ya pili kapata jina kubwa zaidi. Mnamuweka donda asilolistahiki, na wakati mwingine yule mnayemsifu ndiye mnayempoteza, kwa kuwa sifa zinamfunga mdomo asiseme kwamba ameshindwa. Nimewaona wote wawili nyumbani kwetu.

Sasa nirudi kwako, mama yangu wa Wete. Nguvu ya mwanao iko kwenye Jiografia, Historia na Kiswahili. HGK, ambayo ndiyo hayo matatu, inamkaa vizuri, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) pia kama Kiingereza chake kinapanda, na kama anapenda hesabu, ile C ya Hisabati inaweza kumfungulia EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) au HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), mradi akaulizwe mwalimu wake ni C ya aina gani. PCB sikushauri. Masomo mawili kati ya yale matatu ana D, na hata ikitokea skuli ya kulipia ikampokea, itapokea ada yako kwanza.

Kama kweli moyo wake uko kwenye tiba, mlango haujafungwa. Diploma ya utabibu huomba ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, na yeye anayo yote. Akimaliza akafanya kazi, anaweza kuendelea na shahada akiwa mtu mzima anayejua wodi ilivyo. Au arudie Kemia na Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, akiwa na mwalimu wa kumsimamia na si tuisheni ya kukaa watu mia chini ya bati.

Ila katika ujumbe wako wote, mama, umeniambia anachotaka baba, anachotaka ami, na skuli waliyosoma watoto wa jirani. Hujaniambia kijana mwenyewe anataka nini. Njoo naye Jumamosi baada ya alasiri, mje na karatasi ya matokeo. Ami yake akitaka kufuatana nanyi, karibu sana, lakini kijana ndiye atakayeanza kuzungumza.